Nani Anashika Jiwe? Historia fupi ya teze, barabara na wenzetu wa masomo



Mwenye kusafiri barabara ya Goma–Butembo anaijua Kabasha. Unatoka kwenye tambarare ya Rwindi, mbuga ya Virunga inabaki nyuma, na gari inaanza kupanda kuelekea Kanyabayonga. Mvua ikinyesha, lori linateleza. Hapo hakuna mjadala: abiria wanashuka, wengine wanasukuma, na kuna mmoja anayetembea nyuma na jiwe mkononi. Gari ikipanda kidogo, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Yeye hasukumi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kile kilichopandwa hakipotei.

Leo nataka tuongelee wenzetu wanaotafuta udaktari katika sayansi za elimu. Unawajua. Ni asistanti wako wa zamani, au kaka yako, au wewe mwenyewe kesho kutwa. Ukimkuta njiani unamuuliza: «Docta, teze inafikia wapi?» Anacheka kidogo, anajibu: «Iko kwa promota.» Mwaka unapita, unamuuliza tena, jibu ni lile lile. Mwaka wa tatu unaacha kumuuliza, juu hutaki kumuletea haya.

Watu wanasema: yule ni mvivu. Wengine wanasema akili imemuishia. Mimi nimeangalia historia ya masomo ya juu katika nchi yetu, na naona jambo lingine. Huku kwetu njia ya udaktari ilijengwa mbali, tena ilikatika mara nyingi. Mtu aliyeachwa nayo peke yake, kukwama kwake si ajabu. Ajabu ni kwamba kuna waliofika.

Chama kilitangulia chuo kikuu

Tuanze zamani. Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani alisomeshwa awe karani, mwalimu, mwuguzi au padri. Chuo kikuu hakikuwepo. Lakini mwaka 1925, kule Léopoldville, wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut walikuwa tayari na chama chao, ADAPES, kilichoanzishwa na Padri Raphaël de la Kethulle, yule wazee wa Kinshasa wanamwita Tata Raphaël. Baadaye kiliongozwa na Jean Bolikango, mwalimu wa kazi. Joseph Kasa-Vubu naye alipita mule.

Angalia vizuri mpangilio huo. Wasomi wetu walikuwa na chama miaka karibu 30 kabla ya kuwa na chuo kikuu. Ni kweli mapadri walikuwa wanakiangalia kwa jicho kali, na si kila jambo lingesemwa mule. Hata hivyo, watu walioambiwa masomo yao yanaishia hapa walipata mahali pa kukaa pamoja, kusoma na kujadiliana.

Lovanium ilifungua milango mwaka 1954, kwenye vilima vya Kimwenza. Chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville kilifuata mwaka 1956. Mwaka huo huo wa 1956, Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, Ubelgiji. Alikuwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata diploma ya chuo kikuu kule. Na alisomea nini? Saikolojia na ualimu! Kwa hiyo wewe unayechekwa kwamba umechagua «option ya walimu», jua kwamba mlango wa masomo ya juu kwa vijana wetu walei ulifunguliwa na mtu wa option yako.

Lakini mmoja si wengi. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa chini ya 30 kwa nchi nzima. Shule za msingi zilikuwa nyingi, ila juu ya paa hapakuwa na kitu. Ndiyo sababu mwaka 1961 zilifunguliwa haraka shule za kutayarisha walimu wa sekondari: IPN kule Kinshasa, ambayo leo ni UPN, na École normale ya Bukavu, ambayo leo ni ISP Bukavu. Wengi waliotufundisha Kifaransa, hesabu na historia huku Kivu walitoka ISP Bukavu, au walifundishwa na waliotoka mule.

Elimu inapelekwa Kisangani

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu huru kule Stanleyville, Kisangani ya leo. Hakikumaliza hata mwaka kwa amani. Mwezi wa nane 1964 Wasimba wakauchukua mji, na chuo kikalazimika kuhamia Léopoldville kabla ya kurudi. Chukua jambo hilo na ulikumbuke: chuo kikuu chenyewe, pamoja na maprofesa wake, kiliwahi kuwa mkimbizi wa ndani.

Halafu ukafika ule wakati mgumu wa wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa, wakapigwa risasi. Mwezi wa sita 1971 waliwakumbuka wenzao waliokufa. Lovanium ikafungwa, na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa nane mwaka huo Mobutu akavikusanya vyuo vyote kuwa kimoja: UNAZA, Université Nationale du Zaïre.

Hapa ndipo historia inagusa moja kwa moja yule rafiki yako mwenye teze kwa promota. UNAZA iligawa fakilte kati ya miji mitatu. Sheria, uchumi na udaktari wa hospitali vikabaki Kinshasa. Barua na sayansi za jamii zikaenda Lubumbashi. Saikolojia na sayansi za elimu zikapewa Kisangani.

Kwa mtu wa Lubero au Beni, Kisangani haikuwa mbali sana kwenye ramani. Ila ramani haina matope. Unapita Beni, Mambasa, Nia-Nia, mamia ya kilomita ndani ya msitu. Aliyetaka kuwa daktari wa elimu alijua: promota yuko kule, maktaba iko kule, juri iko kule. Familia, kazi na shamba viko huku. Tangu wakati huo udaktari wa elimu umekuwa, kwa sisi watu wa Kivu ya kaskazini, kwanza suala la safari.

Nisiseme mabaya tu. Kisangani ilizaa mambo mazuri pia. Pale palikuwa na CRIDE, kituo cha utafiti juu ya maendeleo ya elimu, alipofanya kazi Benoît Verhaegen, mwanasosholojia Mbelgiji aliyefundisha zamani Lovanium. Mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya vyuo vikuu vyetu, kutoka Lovanium mpaka UNAZA. Lakini kinachonivutia mimi ni njia yake ya kazi, aliyoiita «histoire immédiate», historia ya mambo yanayotendeka sasa. Ndani ya njia hiyo mtafiti hakai mbali kama hakimu. Anakaa pamoja na wale walioishi mambo, wanaongea, anarudi kwao na kile alichoandika, nao wanamsahihisha. Kwa hiyo wazo kwamba mtafiti anahitaji wenzake ili aone vizuri si geni kwetu. Lilifundishwa Kisangani miaka ya 1970.

Vyuo vilifika, udaktari ukabaki mbali

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikarudi kusimama kila kimoja peke yake. Mwaka 1989, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, Butembo ikapata Université Catholique du Graben, UCG yetu. Goma ikapata mwaka 1993 tawi la UNIKIS, lililokuja kuwa UNIGOM. Beni ikapata UCBC mwaka 2007. Leo karibu kila mji mkubwa una bango la chuo.

Ni furaha, kweli. Mtoto wa Kayna anaweza kufika lisansi bila kuvuka msitu. Lakini jiulize: nani anasimama mbele ya wanafunzi? Mara nyingi ni asistanti na CT. Ngazi tunaijua: asistanti, CT, halafu DES au DEA, halafu teze, ndipo mtu aitwe profesa. Vyuo viliongezeka haraka kuliko madaktari wa kufundisha ndani yake. Na bila maprofesa wa kutosha chuo hakiwezi kutoa udaktari, na bila kutoa udaktari hakiwezi kupata maprofesa wake. Mduara huo ndio unaomrudisha asistanti wetu kwenye barabara ya Kisangani au Kinshasa, minervali mfukoni, ruhusa ya mwezi mmoja, masaa ya kozi yakimngojea nyumbani.

Tena barabara yenyewe ilikatika. Katika vita iliyoanza 1998, Butembo na Beni zilijikuta chini ya RCD-K/ML, Kisangani chini ya RCD-Goma. Nchi moja, mistari miwili ya bunduki katikati. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani siku sita mfululizo. Ungekuwa na sura ya tatu ya teze mkononi wakati ule, ungempelekea nani?

Baadaye Ebola ilipiga Beni na Butembo, kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Haijaisha bado, Covid ikafunga shule na vyuo vya nchi nzima mwezi wa tatu 2020. Mwaka wa masomo 2021-2022 ukaleta mfumo wa LMD kwa wote, na wale waliokuwa katikati ya mfumo wa zamani wakaanza kuulizana: sasa sisi tuko wapi?

Na tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga ilichukuliwa na M23. Januari 2025 ikawa Goma. Sina haja ya kuwaeleza. Wengi mnaosoma hapa mlipita njia ya Lubero na godoro kichwani.

Meza ambayo haikuletwa

Sasa nataka niulize swali la historia. Udaktari, kule ulikotoka, ulikuwa kazi ya mtu mmoja?

Hapana. Katika karne ya 19, mjini Berlin, mwanahistoria Leopold von Ranke alikuwa anawaita wanafunzi wachache nyumbani kwake. Wanaketi, mmoja analeta kazi yake juu ya hati za kale, wenzake wanaichambua mbele yake. Hapo pana mzizi mmojawapo wa kile tunachokiita semina, na ndivyo watafiti wengi wa Ulaya walivyokuzwa. Kwetu yalifika majengo, toga, juri na mihuri. Ile meza ya wenzako wanaosoma kazi yako kila mwezi, sehemu nyingi haikufika. Akabaki mwanafunzi mmoja na promota mmoja, na kati yao msitu.

Majirani zetu waliwahi kujitengenezea meza wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, wanafunzi waliunda kikundi chao, USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Walikuwa wanasoma vitabu vigumu pamoja siku za Jumapili, na mwaka 1969 wakaanzisha gazeti, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka uliofuata. Ilikuwa siasa, sikatai. Ila kati ya vijana wale walitoka maprofesa: Issa Shivji katika sheria, Karim Hirji katika takwimu za tiba. Kusoma pamoja kuliwapa nguvu ambayo oditwari peke yake haikuwapa.

Mfano wa karibu zaidi ni CARTA, ulioanza mwaka 2008, ukiongozwa na APHRC ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Makerere, Nairobi na Moi wamo. Ni mambo ya afya ya jamii, si elimu, lakini angalia jinsi wanavyofanya: wanafunzi wa udaktari wanaingizwa kwa kundi, wanakutana katika semina nne za pamoja kutoka mwanzo wa teze mpaka karibu na mwisho. Wenye mpango ule walielewa kwamba mtu akianza na wenzake ana watu wa kumwuliza: umefikia wapi? Na anayeuliza si mpita njia, ni mtu aliyesoma sura ya pili.

Kikundi kinafanya nini, hasa?

Fikiria asistanti mmoja. Simtaji mtu fulani, ila wengine mtajiona. Teze yake ni juu ya walimu wa shule za msingi: wanaishi vipi tangu elimu ya bure ilipotangazwa mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya wazazi kuwalipa prime? Alipitisha maswali yake katika shule za Kanyabayonga na Kirumba. Karatasi ziko ndani ya sanduku, sanduku liko chini ya kitanda. Siku ya kukimbia alibeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Sanduku lilibaki.

Kama alikuwa peke yake, teze imekufa siku ile. Kama kulikuwa na watu wanne au watano aliokuwa anawatumia picha za karatasi zake kila juma, mmoja Butembo, mmoja Beni, mmoja Bukavu, teze bado iko hai. Hakuna pesa ya wafadhili hapo. Kinachohitajika ni simu, megabaiti chache na mtu mwaminifu. Hilo ndilo jiwe la kwanza: nakala ya kazi yako ikae kwa mwenzako.

La pili ni kusoma. Mwenzako anasoma kurasa kumi zako, anakuambia ukweli: hapa sikuelewa, hapa umerudia, hapa takwimu hazikubaliani na maneno. Promota akipokea kazi iliyopita mikono mitatu, anaisoma haraka, na wewe unapata aibu kidogo zaidi.

La tatu ni safari. Anayekwenda Kisangani au Kinshasa anabeba kazi za wenzake, anauliza katika ofisi kwa niaba yao, anapiga picha za vitabu vya maktaba walivyomtuma. Tulikuwa na likelemba za franga tangu zamani. Hii ni likelemba ya safari.

La nne ni tarehe. Mtu akisema mbele ya wenzake «mwisho wa mwezi nitaleta sura ya kwanza», anaileta. Akijiambia mwenyewe usiku, anasamehewa asubuhi.

La tano ni kilio. Vita inauwa wazazi, watoto wanaugua, mshahara unachelewa. Kuna miezi ambayo hakuna sura itakayoandikwa. Wenzako wanaijua miezi hiyo, wanangoja, halafu wanakurudisha taratibu.

Lakini tuseme ukweli wote. Vikundi vinaoza pia. ADAPES ilikuwa chini ya jicho la mapadri. Vyetu vinaweza kuwa chini ya jicho la mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Kuna kikundi kinachogeuka kuwa cha kabila moja, au cha kijiji kimoja. Kuna kikundi cha kusifiana: «Hongera docta!» kila siku, na hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja. Mbaya zaidi, kuna mahali wenye akili wanaandikia wenye franga. Huko si kusaidiana, ni kuuza nchi kwa reja reja, kwa sababu daktari wa aina hiyo atakuja kuwapima watoto wetu na hajui kupima. Mwenzako anasoma, anauliza, anatunza nakala. Kalamu inabaki mkononi mwako.

Juu ya nini tujali?

Mtu ataniambia: nchi inaungua, wewe unaongelea teze. Nami namjibu: nani ataandika kilichotokea katika shule zetu? Darasa la Butembo lililopokea watoto wa Kanyabayonga, wakakaa wanne kwenye benchi la wawili. Mwalimu aliyefundisha chini ya mwembe juu shule imekuwa makao ya wakimbizi. Mtoto aliyebadilisha shule mara tatu katika mwaka mmoja. Mambo hayo yakikosa mtu wa hapa wa kuyachunguza kwa miaka minne au mitano, yataandikwa na mgeni wa majuma mawili, na watoto wa watoto wetu watasoma maisha yetu katika ripoti yake.

Mwaka 1960 tulikuwa chini ya 30 na kila mtu aliona upungufu ule. Leo tuna lisansi kwa maelfu, ndiyo maana upungufu wa madaktari wa elimu hauonekani haraka. Upo.

Kwa hiyo, wewe uliye asistanti: chagua watu wawili juma hili, mmoja asiwe wa kijiji chako. Watumie kurasa tano, hata kama ni mbaya. Omba zao. Na wewe uliye mwanafunzi wa lisansi, usingoje kuitwa docta. Anza na mémoire yako, wawili au watatu, kila Jumamosi saa nane.

Na ukikutana njiani na yule rafiki wa «iko kwa promota», usimuulize tena teze inafikia wapi. Mwambie: «Nitumie sura moja, nitaisoma.»